Nchi Iliyosajili Hodi

Yaliyosimuliwa hapa yalitangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa hiyo msomaji hana sababu ya kutoyaamini. Jina la nchi hatutalitaja. Si kwa woga. Jina hilo kwa sasa liko ng'ambo, kwa washauri, linapimwa kama linatamkika vizuri katika viwanja vya ndege, na tumeombwa tusilitumie mpaka litakaporudi.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi ambayo watu wake hawakujua kwamba ni desturi, kama mtu asivyojua kwamba ana lafudhi mpaka asafiri. Mgeni hakugonga mlango. Kila ukoo ulikuwa na hodi yake, maneno machache yaliyosemwa nusu na kuimbwa nusu, na kila hodi ilikuwa na jibu lake, lililojulikana na walio ndani. Mtoto alirithi hodi ya ukoo akaitia alama yake mwenyewe: mluzi, kikohozi, mvuto wa sauti. Hivyo walio ndani walijua nani amefika kabla hawajamwona, tena walijua kama amekuja kwa heri au kwa shari, na kama amekula. Mlango uliofunguliwa bila hodi ulifunguliwa kwa ajili ya wawili tu: maiti na mtoza kodi.

Hodi ya ukoo wa Kihedu Mwalongo ilikuwa hii: "Hodi, wa chini ya kilima. Mvua imenikuta njiani." Na jibu lake: "Ingia ukauke, mwana wa waliolowa kabla yako." Ilisemwa hivyo hata kiangazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kihedu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alikwama kwenye neno "mvua," mara tatu, si mbili wala si nne, ndipo likatoka. Walimu walimmalizia neno. Wenzake walimmalizia. Msichana wa kwanza aliyemposa alimmalizia, tena kwa neno jingine kabisa. Mama yake tu, Bi Sikudhani, ndiye ambaye hakuwahi kummalizia. Alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akasubiri mwanawe afike mwisho, kisha akajibu. Baadaye macho ya Bi Sikudhani yalikufa, kwanza la kushoto, na mwaka uliofuata la kulia. Tangu hapo, kwa miaka kumi na mmoja, kule kukwama mara tatu ndiko kulikokuwa sura ya mwanawe.

"Siku nitakapokosa kukujibu," alimwambia, "usiulize mtu. Tafuta sanda."

"Mama, hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyekuja na ndizi."

"Ndizi ziweke mezani. Maneno yabebe."

*

Kihedu alikuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Vipimo katika Wizara ya Utambulisho na Upatanifu. Hakuwa mtu wa hisia. Aliamini kwamba kitu kilichopimwa kimejulikana, na kitu kilichoandikwa hakiwezi kupotea. Ofisini walimheshimu kwa sababu hakuwahi kuacha nafasi tupu kwenye fomu, hata ile sehemu iliyoandikwa "Kwa matumizi ya ofisi tu."

Mwaka tunaouzungumzia, Baraza la Dunia la Upatanifu lilituma wapimaji wake kuzunguka nchi zote wakiwa na saa za mkononi. Walipima muda anaotumia mgeni tangu kufika mlangoni hadi kuingia ndani. Katika nchi zilizokubaliana na wakati ilikuwa sekunde nne. Katika nchi hii ilikuwa sekunde tisini na nne, na hiyo ni kama mgeni hakuulizwa habari za shangazi yake. Matokeo yalichapishwa katika Kielezo cha Kuingika. Nchi ilishika nafasi ya pili kutoka mwisho. Nyuma yake ilikuwako nchi moja tu, ambayo haikuwa na milango.

Waziri, Mheshimiwa Dakta Lumbanga, aliitisha mkutano uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "mlango ni nini?"

Watu walipiga makofi.

"Mlango ni ukuta uliobadili msimamo. Wenzetu wamebadili msimamo. Sisi bado tunasimama ndani tunauliza: nani huyo, mtoto wa nani, amenyeshewa na mvua gani? Dunia iko nje, ndugu zangu, imeshika mzigo, inasubiri tumalize kuimba."

Makofi tena.

"Wako watakaosema serikali inauza utamaduni. Huo ni uchochezi. Hatuuzi. Tunaukabidhi kwa wanaojua kuutunza, kwa muda usiojulikana."

Mpango ulikuwa rahisi, na Kihedu, aliyekaa safu ya tatu, aliuona kuwa mzuri. Kampuni ya ng'ambo iitwayo Mlango Mmoja ingerekodi hodi zote za nchi, kila ukoo na kila mtu, na kuzihifadhi katika jengo lenye baridi huko ziendako ndege. Kisha kila nyumba ingefungiwa kengele. Mgeni angebonyeza, kengele ingetoa hodi iliyo sahihi, na komeo lingefunguka lenyewe. Sekunde nne.

Aliyeleta mpango huo aliitwa Bwana Holger. Alikuwa amejifunza lugha ya nchi kwa kanda, hivyo hakukosea hata mara moja, jambo lililowatia watu wasiwasi.

"Bwana Mkurugenzi," alimwambia Kihedu walipokutana, "mimi natoka mahali ambapo hatuna hodi. Tulikuwa nazo labda, lakini hakuna aliyeandika. Babu yangu alikufa na yake."

Maneno hayo yalimwingia Kihedu kuliko hotuba ya Waziri. Alimfikiria mama yake, umri wake, kikohozi kilichoanza tangu msimu wa baridi. Nani angeijua hodi ya waliolowa baada yao? Aliamua kwamba hodi ya mama yake haitapotea.

*

Yeye ndiye aliyetunga Fomu Namba Kumi na Nne. Kampuni ilitaka maswali thelathini. Kihedu aliona hayo ni uvivu, akatunga mia mbili na kumi na mawili. Hodi pekee, alieleza kikaoni, ni ganda. Lazima irekodiwe pamoja na vilivyomo: uhusiano wa anayebisha na anayejibu, makovu yao, vyakula, magomvi yaliyosuluhishwa na yale ambayo hayajasuluhishwa. Bwana Holger alivua miwani, akaifuta, akamshukuru kwa dhati.

Kihedu aliijaza fomu ya kwanza mwenyewe, kuwa mfano kwa wananchi. Ilimchukua siku tatu. Swali la 137 lilihusu makovu. Aliandika lile la goti la kulia, na urefu wake. Swali la 188 lilisema: "Taja jambo moja ambalo unalijua wewe na mwenyeji wako tu. Eleza kwa ukamilifu."

Alikaa nalo kidogo. Halafu aliandika kwamba alipokuwa na miaka saba alivunja bakuli la buluu ambalo mama yake alipewa na mama yake, akavizika vipande nyuma ya jiko. Mama yake hakuuliza neno. Ila tangu mwaka huo, kila mwaka, alipanda tangawizi palepale, na kila alipoichimba alimwita Kihedu amshikie kikapu. Hawakuwahi kulizungumza.

Ilikuwa kweli, na ukweli ulikuwa na nafasi yake kwenye fomu. Aliandika.

Kurekodi sauti kulifanyika chumba chenye kuta za sponji. Fundi mitambo alimsikiliza Kihedu akikwama mara tatu, akamtazama Bwana Holger.

"Tukate?" aliuliza fundi.

"Usiguse," alisema Bwana Holger. "Hicho ndicho kitu chenyewe."

Wiki hiyohiyo rasimu ya Sheria ya Hodi ilipita mezani kwa Kihedu ili aihakiki. Kifungu cha tisa kilisema kwamba hodi iliyosajiliwa haitatamkwa kwa kinywa bila kibali, na kwamba aliyerekodiwa, baada ya kurekodiwa, atahesabiwa kuwa mtumiaji wa kawaida. Atakayeitamka mlangoni atakuwa ametenda kosa la uigizaji usioidhinishwa. Kihedu alikisoma kifungu hicho mara mbili. Alisahihisha alama moja ya mkato.

*

Siku aliyokwenda kumuaga mama yake, kengele ilikuwa tayari imefungwa mlangoni, ikiwa bado na karatasi yake ya nailoni. Sheria ilikuwa haijaanza kutumika, kwa hiyo alipiga hodi kwa kinywa. Alikwama. Mama alisubiri. Alijibu.

"Unakwenda wapi huko?"

"Ng'ambo, mama. Miezi tisa. Wanatufundisha sauti ya kikazi."

"Hii uliyonayo haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi hapa."

Bi Sikudhani alifikiri. "Na mimi niko wapi?"

Siwema, jirani, mwanamke wa maneno ambaye alikuwa kibarazani akichagua mchele, alidakia: "Wewe uko hapa, Bi Sikudhani, na mimi niko hapa. Yeye ndiye anakwenda kutafutiwa mdomo. Si ulisema mwanao ni mpole? Kumbe alikuwa anasubiri vipuri."

Walicheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho.

Chuo cha Sauti kilikuwa katika mji ambao theluji yake husafishwa na mashine kabla watu hawajaamka. Wanafunzi walitoka nchi nyingi. Mwezi wa kwanza walifundishwa kupumua. Mwezi wa pili walifundishwa kutotumia mikono. Mwezi wa tatu mwalimu, mama mmoja mpole sana, alimwambia Kihedu kwamba kigugumizi ni fundo tu ambalo mtu amelishika mwenyewe bila kujua, na kwamba akiacha kulishika litafunguka. Alifanya mazoezi mbele ya kioo. Mwezi wa nne lilifunguka. Kihedu alisema "mvua" mara mia moja mfululizo, na mvua ikatoka kila mara, safi, kama maji ya bomba.

Hatuna budi kusema ukweli: alifurahi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kuagiza chai bila kujiandaa.

Mwezi wa tano alimpigia simu mama yake kupitia simu ya Siwema. Alimsikia Siwema akisema, "Ni mwanao," na simu ikapokezwa.

"Mama, habari za huko?"

 Halafu sauti ya mama yake, mbali na simu: "Siwema, mwambie huyu bwana akate. Kihedu anaweza kupiga wakati wowote."

Aliandika katika daftari lake kwamba mtandao ulikuwa mbovu.

Alimaliza wa kwanza darasani. Cheti chake kilikuwa na mhuri wa dhahabu na maneno: "Sauti ya Daraja la Kwanza. Haina asili inayotambulika."

*

Alirudi Desemba, wingu likiwa zito. Alikuta nchi imependeza. Katika Kielezo cha Kuingika ilikuwa imepanda hadi nafasi ya sita. Barabarani aliona milango ikifunguka na kufungwa kwa utaratibu, na kila mahali zilisikika hodi, nzuri, za zamani, zingine za watu aliojua kwamba walikwisha kufa. Mzee mmoja alikuwa ameketi nje ya nyumba yake mwenyewe akisubiri mtu mwenye kadi ya kengele apite ambonyezee.

Ofisini alipewa barua ya pongezi. Ilimweleza kwamba hodi yake ndiyo iliyopendwa kuliko zote katika mkusanyiko wa nchi, kwa sababu ya uhalisia wake, na kwamba sasa inatumika pia katika miji kumi na minane duniani, kwenye milango ya watu wanaopenda kujihisi wanasubiriwa. Nyumba ya mama yake ilikuwa imepandishwa hadhi.

Kihedu hakuelewa maana ya nyumba kupandishwa hadhi mpaka alipofika. Kwenye uchochoro kulikuwa na kibao: "Nyumba ya Mfano Namba 3. Saa Moja na Mama. Wageni wanaombwa wasimrekebishe mwenyeji." Watu wanne waliovaa makoti ya mvua ya rangi moja walikuwa wakitoka, mmoja akifuta machozi, wengine wakimpiga mgongoni. Kila mmoja alikuwa na kijitabu. Kihedu aliokota kimoja kilichoanguka. Ukurasa wa pili ulianza: "Wewe ni Kihedu. Una kovu goti la kulia, sentimita nne."

Siwema alikuwa kibarazani kwake. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Umenenepa," alisema.

"Shikamoo, dada Siwema. Mama hajambo?"

Siwema alikunja uso, kama mtu aliyetafuna mchanga. "Sema tena."

"Nauliza, mama hajambo?"

"Kumbe walikupatia, hivyo vipuri." Aliweka ungo chini. "Mama yako haamki kitandani siku nyingine. Ila mwanawe akibisha huamka. Na mwanawe siku hizi anabisha."

Kihedu alikwenda mlangoni. Aliiona kengele na taa yake ndogo ya kijani. Alikijua kifungu cha tisa kuliko mtu yeyote nchini, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wa miaka ishirini na saba aliamua kuvunja sheria. Alisogea karibu na ubao wa mlango, akasema kwa kinywa chake:

"Hodi, wa chini ya kilima. Mvua imenikuta njiani."

Ilitoka safi. Alisikia mwenyewe jinsi ilivyotoka safi.

 Ndani, miguu iliburuzwa polepole mpaka nyuma ya mlango. Mkono uligusa komeo, haukulivuta.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Kihedu."

"Kihedu ametoka hapa sasa hivi," alisema Bi Sikudhani bila ukali. "Leo amekuja mara nne. Ana kazi nyingi siku hizi, hakai. Anabisha, anaingiza wageni wake, yeye anabaki nje na Siwema. Wewe ni mmoja wa wageni wake?"

"Mama, hao si mimi. Hiyo ni mashine. Mimi ndiye niliyevunja bakuli la buluu."

"Baba, leo peke yake wamelivunja watano."

"Nililizika nyuma ya jiko. Ulipanda tangawizi."

"Ndivyo wanavyosema. Yule mwanamke wa jana alilia juu yake nikambembeleza mimi." Alikohoa kwa muda. "Sikujua kama Kihedu huwasimulia watu mambo ya nyumbani. Labda huko anakokwenda ni lazima."

Kihedu alifunga macho. Alijaribu kukumbuka mahali lilipokuwa lile fundo, akalitafuta kooni, kifuani, chini ya ulimi. Alisema tena: "M-, m-, m-, mvua imenikuta njiani." Mara tatu, si mbili wala si nne.

Mama yake alisubiri mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo ilikuwa tabia yake kwa kila anayekwama.

"Umejitahidi," alisema. "Lakini wewe unakwama ukijua utatoka. Mwanangu alikuwa hajui."

Siwema hakuvumilia. Alikuja mbio, kanga ikimdondoka. "Bi Sikudhani, fungua bwana. Ni yeye. Ninamwona kwa macho yangu haya, pua ileile ya baba yake."

"Siwema," alisema Bi Sikudhani, na sauti yake ilikuwa imechoka, "asubuhi nilikusikia ukibisha kwangu kwa hodi ya kwenu. Nilipofungua nikakuta ni watu wa gesi. Nitaijuaje hii kuwa wewe?"

Siwema aliokota kanga yake.  Miguu ilirudi kitandani, ikiburuzwa.

*

Mlezi wa Nyumba ya Mfano Namba 3 alikuwa na meza ndogo chini ya mwavuli mwanzoni mwa uchochoro. Alikuwa kijana mwadilifu wa wizara, mwenye suti. Kihedu alijitambulisha.

"Ni heshima kubwa, Bwana Mkurugenzi. Tulisoma fomu yako chuoni."

"Nataka kuingia kwa mama yangu."

"Una kadi ya mgeni?"

"Mimi ni mwanawe."

"Ndiyo, hilo liko kwenye kijitabu." Kijana hakuwa na kejeli hata kidogo. "Lakini kifungu cha tisa kinasema..."

"Nakijua kifungu cha tisa."

Alipewa kadi kwa heshima, nje ya foleni. Kadi ilieleza kwamba ana saa moja, kwamba viatu vivuliwe, na kwamba akijisikia kulia, vitambaa viko kushoto.

Alirudi mlangoni. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka juu ya mabati. Alibonyeza. Sauti yake ilitoka kwenye kisanduku cha kengele, sauti ya mtu aliyekuwa yeye, ikasema hodi, ikasogea mpaka kwenye lile neno na ikakwama. Kihedu aliisikiliza kama mtu anayemtazama mtu akivuka mto. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu hakuwa na hakika kwamba itatoka. Ilitoka.

"Ingia ukauke," alisema mama yake kutoka ndani, na sauti ilikuwa imepata nguvu, "mwana wa waliolowa kabla yako."

Komeo lilifunguka lenyewe. Sekunde nne, au pungufu.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kando ya kitanda, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Mezani kulikuwa na chupa ya chai na vikombe sita vya wageni.

"Mama," alisema Kihedu.

"Wote huniita mama. Ni adabu nzuri. Kaa, baba. Kiti kile kina mguu mbovu, kaa hiki."

Alikaa. Alikuwa na maneno mengi, na kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na lolote kooni la kuyazuia. Lakini aliona kwamba kila neno atakalosema litakuwa ni neno la yule bwana aliyekataliwa mlangoni.  Mama yake alipapasa chupa, akammiminia chai bila kumwaga, akamsogezea.

"Wewe si msemaji. Wengine huniuliza mambo. Je, nilihisi nini. Je, utamaduni wangu unanisaidiaje." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Mmoja aliomba nimsubiri akwame, akakwama, akafurahi. Sijui huko kwao nani huwasubiri."

Kihedu alikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi.

"Unakunywa haraka," alisema Bi Sikudhani. "Nasikia kikombe. Una baridi?"

Alitikisa kichwa, akakumbuka kwamba haonwi.

Walikaa hivyo. Mvua ilikuwa sasa imeshika kasi juu ya mabati. Bi Sikudhani alisinzia kidogo, akaamka, akanyoosha mkono kuhakikisha kama mgeni bado yuko. Uligusa goti la kulia, juu ya suruali, ukakaa hapo muda mfupi, ukatoka. Wageni wote walimpa goti la kulia aliguse. Wengine walikuwa wamejichora kovu.

Kisanduku cha mlangoni kililia mlio mfupi. Saa moja ilikuwa imetimia.

"Haya, baba. Asante kwa kukaa. Wewe umekaa vizuri." Alimgeuzia uso, karibu na pale alipokuwa. "Ukimwona Kihedu hapo nje, mwambie mama yake hana neno. Anajua ana kazi. Ila mwambie siku moja, akipata nafasi, aingie yeye mwenyewe."

Kihedu alisimama. Alisema, kwa sauti isiyo na asili inayotambulika, "Nitamwambia."

*

Chini ya mwavuli kijana alimpa fomu ya tathmini. Ilikuwa fupi, maswali manne tu, na Kihedu, ambaye alikuwa akizidharau fomu fupi, aliishika kwa mikono miwili isilowe. "Je, ulijihisi unasubiriwa?" Aliweka alama kwenye "Ndiyo," kwa sababu ilikuwa kweli. "Je, utampendekezea mwenzako?" Aliacha wazi. Swali la mwisho: "Uhusiano wako na mwenyeji: Mtalii. Mtafiti. Mwekezaji. Nyinginezo (eleza)."

Aliweka alama kwenye "Nyinginezo." Mbele yake kulikuwa na mstari wa kujazia, mfupi kama kidole gumba.

Kalamu ilikuwa ingali juu ya mstari huo wakati mtu mmoja mwenye koti la mvua alipompita, akaenda mlangoni, akabonyeza. Kutoka uchochoroni ilisikika sauti ya Kihedu ikisema kwamba mvua imemkuta njiani. Ilikwama, ikakwama, ikakwama, na nyumba nzima ilisubiri.

Mvua siku hiyo ilikuwa inanyesha kweli. Wino ulianza kutambaa kwenye karatasi, na kijana wa wizara akamwomba radhi Bwana Mkurugenzi, akauvuta mwavuli upande wa fomu.

"Ingia ukauke," alijibu Bi Sikudhani.